Mgeni Siku Mbili, Bahari Siku Kumi na Tano

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walioitunga methali hiyo hawakuwa wakimfukuza mgeni, bali walikuwa wakitaja siku ambayo mtu huacha kuandaliwa na kutazamwa, akaanza kuhesabiwa katika kazi za nyumba. Msafiri wa siku hizi anayekwenda kupumzika katika mji mdogo wa pwani, ule mji uliopoa ambao picha zake zimejaa mchanga mweupe na maji ya rangi ya feruzi, kwa kawaida hufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana. Huondoka siku ile ile ambayo jembe lingeletwa, kisha huwaeleza wenzake kwamba ameuona mji huo. Mimi nina shaka na neno hilo "ameuona". Naamini kwamba muda wa kukaa, kuliko idadi ya wageni na kuliko hata usafi wa ufukwe, ndio unaoamua kama mgeni ameujua mji wa pwani na kama mji umepata faida yoyote kutoka kwake, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, hoja hii ina upande wake mgumu.

Tuanze na bahari yenyewe, kwa sababu ndiyo inayopanga ratiba ya mji. Katika sehemu kubwa ya pwani za dunia maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na hizo dakika 50 zinazozidi ndizo zinazomchanganya mgeni. Akikuta maji yamejaa saa nne asubuhi siku anayofika, kesho yake yatajaa saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa saa tano na dakika arobaini, na baada ya juma moja, saa ile ile ya nne asubuhi, atakuta maji yamekupwa na miamba iko wazi mahali alipokuwa akiogelea. Juu ya hesabu hiyo kuna nyingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake huungana na ule wa jua na kuleta bamvua, maji yanayopanda sana na kushuka sana. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu ambayo hayapandi wala hayashuki sana. Kutoka bamvua moja hadi nyingine hupita karibu siku 15. Zipo bahari ambazo hesabu hii haina uzito mkubwa, kama Mediterania, ambako maji hupanda kidogo mno, na ipo Ghuba ya Fundy nchini Kanada ambako tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16. Hata hivyo, kwa miji mingi ya pwani, siku 15 ndiyo duru nzima ya maisha: lini vyombo vinaweza kupita juu ya mwamba, lini kina mama wataweza kwenda kuokota chaza na pweza, lini watoto wana uwanja mpana wa kuchezea na lini hawana uwanja kabisa. Aliyekaa siku mbili ameona ukurasa mmoja tu wa kitabu hicho, na mara nyingi ni ukurasa aliochaguliwa na mpiga picha.

Hata mchanga wenyewe una historia ambayo haisomeki kwa haraka. Kiswahili kina usemi wa kulala usingizi wa pono, na wanasayansi wa bahari hawatabisha, kwani baadhi ya pono hulala usiku ndani ya kifuko cha ute wanachojitengenezea wenyewe. Lisilosemwa sana ni kwamba mchana samaki huyo anafanya kazi ya ujenzi. Hukwangua mwani kwenye matumbawe kwa mdomo wake mgumu, huyameza matumbawe pamoja na mwani, huyasaga kwa meno yaliyo kooni, kisha hutoa unga mweupe ambao mawimbi huusukuma hadi ufukweni. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Kwa hiyo fukwe nyeupe za visiwa vingi vya matumbawe, zile ambazo watu huvuka mabara kwenda kulala juu yake, kwa sehemu kubwa ni kazi ya samaki, na mahali pono anapovuliwa hadi kwisha, kiwanda cha mchanga hudhoofika. Kwingineko mchanga huletwa na mito kutoka milimani, na mto ukizuiwa kwa bwawa mamia ya kilomita kutoka pwani, ufukwe hupungua bila yeyote aliye ufukweni kujua sababu.

Mchanga huo haukai mahali pamoja. Dhoruba za msimu mbaya huuvuta na kuulaza chini ya maji kama tuta, na mawimbi mapole ya msimu mzuri huurudisha taratibu, chembe kwa chembe. Matuta ya mchanga yaliyo nyuma ya ufukwe, yenye nyasi na mimea inayotambaa, ni ghala ambalo bahari huchota wakati wa shida na kulipa baadaye. Mtu anayenunua kiwanja juu ya tuta hilo kwa sababu ya mandhari yake, akakata mimea na kujenga ukuta wa zege ili bahari isimsogelee, amefunga ghala na kutupa ufunguo, kwani wimbi linalogonga ukuta hurudi na nguvu zake na kuondoka na mchanga ulio mbele yake. Ndiyo maana baadhi ya nchi ziliamua mapema kuwazuia watu wasijenge mahali wanapopapenda zaidi. Ufaransa ilianzisha mwaka 1975 taasisi ya umma ya kununua na kuhifadhi ardhi ya pwani, na mwaka 1986 ikatunga sheria inayokataza ujenzi ndani ya mita 100 kutoka ukingo wa maji nje ya maeneo ambayo tayari yalikuwa yamejengwa. Sheria hiyo imepata maadui wengi, na sehemu kubwa ya uadui huo unatoka kwa watu wanaodai kuipenda pwani kuliko wengine.

Kuna jambo moja ambalo uharaka wa mgeni hulifanya kuwa la hatari, si la aibu tu. Ufukwe unaopigwa na mawimbi huwa na mikondo ya kurudi, yaani njia nyembamba ambazo maji yaliyosukumwa nchi kavu hutumia kurejea kilindini. Mikondo hiyo husababisha sehemu kubwa mno ya kazi za waokoaji. Nchini Marekani chama cha waokoaji wa fukwe kimekuwa kikieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaookolewa majini hunaswa humo. Tatizo ni kwamba mahali penye mkondo mawimbi hayavunjiki, hivyo kwa jicho la mgeni panaonekana ndipo palipotulia, pasipo na povu, pazuri kwa mtoto. Mwenyeji anapita mbali na utulivu huo wa uongo kwa sababu ameutazama miaka yote, na akinaswa anajua kwamba hatakiwi kupambana na maji kuelekea nchi kavu, bali aogelee sambamba na ufuo mpaka mkondo umwachie. Maarifa haya huandikwa kwenye vibao, lakini sijaona watu wengi wakisoma vibao dakika kumi baada ya kuteremka garini.

Inafaa kukumbuka kwamba safari ya pwani ilianza kama safari ndefu. Katikati ya karne ya 18 daktari Mwingereza Richard Russell alichapisha, mwaka 1750, maandishi ya Kilatini yaliyodai kwamba maji ya bahari hutibu uvimbe wa tezi, na miaka michache baadaye akahamia Brighton, wakati huo mji wa wavuvi uliokuwa ukiliwa na dhoruba. Wagonjwa wake walioga majini na hata kuyanywa. Tiba hiyo leo inachekesha, lakini ilikuwa na sharti moja la maana, kwamba mtu akae kwa majuma, apange chumba kwa wenyeji, na aingie baharini kwa kusaidiwa na watu wa pale wanaoyajua maji. Reli kutoka London ilipofika Brighton mwaka 1841, safari ya gari la farasi iliyokula sehemu kubwa ya mchana ikawa ya takriban saa mbili, na pwani ikaanza kuwa kitu cha kwenda na kurudi siku moja. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Kabla ya reli, bahari ilikuwa ya matajiri na wagonjwa wenye fedha, na mfanyakazi wa kiwandani alistahili hewa ile kuliko wao. Nasema tu kwamba siku hiyo hiyo mgeni alipata pwani, mji ulipoteza muda wa mgeni.

Ni Ufaransa ya mwaka 1936 iliyojaribu kuvipata vyote viwili. Serikali ya Waziri Mkuu Léon Blum ilipitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi, na nauli za treni zikapunguzwa ili familia zilizokuwa hazijawahi kuiona bahari ziweze kwenda. Waliotunga sheria hawakuwa wakihesabu mwezi wala bamvua, lakini wiki mbili zinakaribia kabisa duru moja ya bahari. Familia iliyofika maji yamejaa asubuhi ilikuwa na nafasi ya kuyaona yakikupwa saa ile ile, kisha kuyaona yakirudi.

Leo mambo yamegeuka. Ndege zimekuwa rahisi, likizo zimekatwa vipande vipande, na mahali pazuri pamekuwa kitu cha kutiwa alama kwenye orodha. Ghuba ya Maya nchini Thailand, iliyopata sifa duniani kwa sababu ya filamu moja, ilifikia kupokea hadi watu elfu tano na zaidi kwa siku, wengi wao wakiletwa kwa boti za kasi kutoka miji ya jirani, wakishuka kwa muda mfupi wa kupiga picha na kuondoka. Ufukwe wake ni mdogo tu. Boti zilitia nanga juu ya matumbawe, na mwaka 2018 serikali ikaifunga. Ilifunguliwa tena Januari 2022, boti zikiwa zimekatazwa kuingia mbele na kulazimika kufunga upande wa nyuma wa kisiwa. Katika kipindi hicho cha kimya papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi walirudi kwenye maji ya kina kifupi. Mwaka huo huo wa 2018 Ufilipino ilikifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita, baada ya Rais Rodrigo Duterte kukifananisha na shimo la maji taka, na hakukosea sana, kwa kuwa baadhi ya majengo yalikuwa yakimwaga uchafu wake moja kwa moja baharini. Kilipofunguliwa, kiliwekewa kikomo cha wageni 19,215 kwa wakati mmoja, na majengo yaliyousogelea mno ufukwe yakatakiwa kurudi nyuma.

Vikomo vya namna hiyo nawaunga mkono waliovitunga, lakini vinahesabu vichwa bila kuhesabu siku. Watu elfu moja wanaokaa juma zima na watu elfu saba wanaokaa siku moja moja hulala idadi ile ile ya usiku, ila kundi la pili limekuja na safari mara saba, shuka za kufua mara saba, na maswali yale yale ya mahali pa maji na mahali pa kivuko mara saba. Aliyekaa siku ya nne ameshajua kwamba mwenye duka hufunga mchana, hana haja ya kugonga mlango.

Hapo ndipo panapokuja usemi mwingine unaopendwa na maofisa wa utalii: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi ni mzuri, lakini lazima tuulize ni mwenyeji yupi anayepona. Mji wa Byron Bay, ulio karibu na ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia, haukuzaliwa ukiwa mji wa kupumzika. Mchanga wake ulichimbwa kwa ajili ya madini, palikuwa na machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka 1983, na kati ya 1954 na 1962 palikuwa na kituo cha kuvulia nyangumi, wale wale ambao watalii wa leo hupanda hadi mnara wa taa kwenda kuwatazama wakipita. Utulivu unaouzwa pale, kwa hiyo, ulitokana na kufa kwa kazi. Vijana wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao walikuja kwa sababu mji ulikuwa rahisi na hakuna aliyeutaka. Sifa yao ikawavuta wenye fedha. Nyumba za wakazi zikageuzwa kuwa vyumba vya kupangisha kwa usiku, na anayetandika vitanda hivyo akajikuta anaishi mbali na mji anaoufanyia kazi. Tangu Septemba 2024, katika sehemu kubwa ya eneo hilo, nyumba ambayo mwenyewe haishi humo haiwezi kupangishwa kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Mwanajiografia Richard Butler alieleza mwaka 1980 jinsi mahali pa utalii panavyopita hatua baada ya hatua, kutoka kugunduliwa na wachache hadi kufurika na kuchakaa. Kinachonivutia katika maelezo yake ni kwamba, kila hatua inapopigwa, uamuzi unatoka mikononi mwa mwenyeji na kuhamia kwa mtu asiyelala pale.

Sasa nifike kwenye upande mgumu niliouahidi. Kama kukaa muda mrefu ndiko kuzuri, je, mgeni bora si yule anayenunua nyumba kabisa? Mji wa St Ives, huko Cornwall kusini magharibi mwa Uingereza, unajibu swali hilo. Ulikuwa mji wa wavuvi wa dagaa. Reli ilifika mwaka 1877, wachoraji wakafuata mwanga wake, mchongaji Barbara Hepworth akaishi na kufanya kazi pale hadi alipofariki mwaka 1975, na jumba la sanaa la Tate likafungua tawi juu ya ufukwe wa Porthmeor mwaka 1993. Nyumba ndogo za mawe za wavuvi, zilizobanana karibu na bandari, zikawa nyumba za mapumziko za watu wa mbali, na taa zake zikawa haziwaki msimu wa baridi. Mwaka 2016 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga walikubali mpango unaotaka kila nyumba mpya iwe makazi makuu ya anayeishi humo. Kura hiyo ilisifiwa kila mahali, lakini iligusa nyumba mpya pekee. Zile za zamani, ambazo ndizo zilizoufanya mji upendwe, ziliachwa wazi kwa mnunuzi yeyote. Mmiliki wa nyumba ya pili anaweza kuwa na uhusiano wa miaka ishirini na mji na bado akawa amekaa siku chache chache tu kila mwaka, huku akizuia chumba ambacho kingemweka mwalimu, muuguzi au mvuvi. Huyo amepata mji bila kushika jembe. Kukaa na kumiliki ni mambo mawili, na sera nyingi za pwani zimeshindwa kuyatenganisha.

Mfano unaonipa matumaini, japo kwa tahadhari, ni Jericoacoara, kijiji cha pwani ya kaskazini mashariki mwa Brazili. Kwa miaka mingi kilikingwa na ugumu wa njia tu, kwa kuwa hakuna lami inayofika, na anayekwenda huko hupita juu ya mchanga kwa gari lenye nguvu. Eneo lilianza kulindwa kisheria mwaka 1984, na mwaka 2002 likawa hifadhi ya taifa. Umeme ulipokuja, wenyeji hawakutaka taa za barabarani. Mitaa ikabaki ya mchanga, na usiku mtu hutembea kwa mwanga wa madirishani na wa mwezi. Tangu 2017 upo uwanja wa ndege jirani, na wageni hutozwa ada ya kuingia kijijini. Uwanja huo unafupisha safari, na kila kinachofupisha safari hufupisha pia kukaa, kwa sababu mtu aliyesota siku nzima njiani hawezi kugeuza kesho yake. Pengine giza na mchanga wa mitaani vitaweza kumpunguza mgeni kasi ambayo ndege imempa. Nikiwa mpangaji wa mji, ningejali sana taa hizo zisiwekwe kuliko ningejali kupata hoteli nyingine.

Najua kwamba wengi hawana wiki mbili, na anayefanya kazi ya kulipwa kwa siku hana hata moja. Sitamlaumu mtu kwa kupata Jumamosi moja ya bahari katika mwaka mzima. Lakini kwa mwenye uwezo wa kwenda mara tano kwa mwaka, siku mbili mbili, katika miji mitano, ushauri wangu ni kwamba aziunganishe siku hizo kumi ziwe za mji mmoja, nje ya msimu wa msongamano, alale katika nyumba ambayo mwenyewe yumo, na atazame jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kuuliza nywila ya intaneti. Siku tatu za kwanza zitakuwa za picha. Pengine siku ya tano au ya sita maji mafu yatakuja, ufukwe hautabadilika sana kati ya asubuhi na jioni, na atachoka. Uchovu huo una faida, kwani ndio utakaomtoa ufukweni akaenda bandarini, akakaa na watu wanaotengeneza nyavu, akaulizwa jina lake kwa mara ya kwanza. Akibahatika kuongeza siku tano nyingine, asubuhi moja atakuta maji yamefika pale pale yalipokuwa siku aliyoingia, saa ile ile, kwenye jiwe lile lile, na safari hii viatu vyake atakuwa ameviweka juu zaidi.